Aliyekuwa na Hezron

Bwenini, Vwawa
2 Machi 2025

Kaka Aliko,

Shikamoo. Mama na mimi tunaendelea vizuri, ila mvua haijakata na shuka za bweni hazikauki. Wewe je? Joto la huko limepungua, au bado mnalala nje ya kontena mlilopewa kama chumba?

Shuleni hawaruhusu simu, kwa hiyo naandika kwa mkono. Mama akija kunitembelea ataipiga picha barua hii na kukutumia. Najua ataisoma kwanza. Mama, shikamoo.

Tarehe 21 tunaadhimisha siku ya kupinga ubaguzi wa rangi. Mwalimu Fides anayetufundisha Uraia amemtaka kila mmoja achague nchi, aeleze ilijiunga lini na Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi. Wengi walikimbilia Tanzania na Zambia, kwa sababu zote zilijiunga mwaka 1972 na ni rahisi kukumbuka. Mimi niliomba nchi uliko wewe.

Imejiunga, kaka, na ni miaka mingi sasa. Nchi ikijiunga inaahidi kwamba mtu hatatengwa kwa sababu ya rangi, ukoo, taifa wala kabila lake, iwe kazini, hospitalini au mahali pa kulala. Uliposema ninyi Waafrika mna bomba lenu la maji na wengine wana lao, nilidhani ndiyo sheria ya huko. Kumbe sivyo. Nilitaka tu ujue.

Msalimie Hezron. Mwambie tulipita kwao Hasamba na kahawa ya baba yake imebeba vizuri.

Mdogo wako,
Alinanuswe


Kambini
30 Machi 2025

Alinanuswe mdogo wangu,

Marahaba. Mimi nadunda, ingawa mgongo unanikumbusha kila mzigo niliobeba. Mama, nawe shikamoo. Nakula, usiwaze.

Barua yako niliwasomea wenzangu. Hezron alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie huyo mwanasheria atuletee huo mkataba wake, tuutandaze juu ya kontena utukinge jua." Usikasirike. Kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya chakula, aliniomba nimsomee tena pale palipotajwa hospitali.

Hapa ghalani tunakofanya kazi kuna zahanati yenye feni na daktari. Wafanyakazi wengine wanaingia muda wowote. Sisi tunaambiwa tusubiri gari la kwenda mjini, nalo linakuja Alhamisi. Hakuna aliyeandika hivyo ukutani. Kila mtu anajua tu, na mimi nimejifunza kujua kama wao.

Ulifanyaje hiyo tarehe 21?

Kaka yako,
Aliko


Bwenini, Vwawa
4 Mei 2025

Kaka Aliko,

Shikamoo, na Hezron pia mpe shikamoo yake, hata kama anacheka. Mimi nilikuwa na malaria lakini nimepona.

Siku ile nilisema bila kusoma karatasi na walipiga makofi. Halafu msichana mmoja wa kidato cha nne akauliza, nchi ikijiunga na isitimize, nani anaichapa? Wote wakaangua kicheko. Mwalimu Fides akasema ipo kamati ya wataalamu ambayo nchi zinapeleka taarifa kwake. Nikauliza kama mtu wa kawaida anaweza kuiandikia mwenyewe. Alisema ataangalia, maana hataki kunijibu kwa kubahatisha.

Mama ameniagiza niandike maneno haya kama yalivyo: "Mwambie amalize muda wake, Desemba arudi nyumbani. Habari za nani kajiunga na nani hajajiunga awaachie wenyewe."

Nimeyaandika. Lakini swali langu kwa Mwalimu sijalifuta.

Mdogo wako,
Alinanuswe


Kambini
15 Juni 2025

Alinanuswe,

Mama, kama unasoma kwanza, kaa chini. Mimi ni mzima. Hezron amefariki.

Jumatatu alisema kichwa kinamgonga. Tulikuwa tunashusha mizigo juani. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akatuzuia mlangoni na kunyoosha kidole kuelekea geti. Nikamwambia gari ni Alhamisi. Akafunga mlango. Nikamlaza Hezron kivulini nikamfunika shuka iliyolowa, nikaenda kumchotea maji kwenye bomba la wale wengine, kwa sababu yanatoka ya baridi. Jumatano asubuhi akakata roho.

Baadaye walikuja watu wanne na mkalimani, wakakaa bwaloni, wakauliza ni nani alikuwa naye. Unajua kwetu ilivyo. Wageni wakifika msibani, aliyemuuguza marehemu anasimama na kueleza tangu ugonjwa ulipoanza hadi pumzi ya mwisho, haruki kitu, na akimaliza wanampa pole. Nilidhani wanatafuta habari za kumpelekea mzee Nathanaeli, baba yake. Nikasimama. Nikaeleza yote, mlango, kidole, geti. Nikasema hata kwamba nchi yao ilijiunga na ule mkataba.

Walinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuna aliyenipa pole. Mmoja akaniuliza namba yangu ya kazi.

Kwenye cheti cha kifo wameandika ni moyo. Mimi nimeambiwa nifunge mizigo, nahamishwa kambi. Wapi, hawajasema. Nendeni Hasamba mkamwambie mzee ukweli.

Kaka yako,
Aliko


Tunduma
20 Julai 2025

Kaka Aliko,

Shikamoo. Tunaulizia afya yako kila siku, na siku hizi tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Jeneza lilifika na tulikwenda Hasamba kuzika. Mchungaji aliposoma wasifu wa marehemu na kufika mahali palipoandikwa moyo, mama akasimama. Nilidhani anatoka nje. Akasema, "Mwanangu Aliko ndiye alikuwa naye. Yeye hayupo, nitasema mimi." Akaeleza mpaka mwisho, bila kulia. Watu wakampa pole, naye akaipokea kwa niaba yako.

Mzee Nathanaeli aliuliza jambo moja tu. Yale maji ya baridi, Hezron aliyanywa? Mama akaniangalia, nami sikujua. Nilimwambia mzee kwamba nitakuuliza.

Aliyanywa, kaka?

Mdogo wako,
Alinanuswe


Bwenini, Vwawa
12 Oktoba 2025

Kaka Aliko,

Shikamoo. Barua ya Julai bado ina tiki moja kwenye simu ya mama, haijakufikia. Mama anaituma upya kila akiweka bando. Alikwenda kwa wakala aliyekusafirisha, akakuta pale pameshakuwa duka la nguo. Wizarani wamepokea maelezo yetu na wamesema tusubiri.

Mwalimu Fides amenijibu. Mtu anaweza kuiandikia ile kamati, ila mpaka nchi inayolalamikiwa iwe imetamka kwamba inakubali watu walioko kwake wasikilizwe. Hiyo uliyoko ilijiunga, lakini hilo haijalitamka. Tanzania nayo bado. Aliniambia kwa sauti ndogo, kisha akakaa nami mpaka kengele ikalia. Nilimwambia kuna nchi ambazo zimekwisha kutamka, kwa hiyo na nyingine zinaweza. Akasema ndiyo, zinaweza.

Mama bado anasema Desemba.

Na kama unayesoma hapa si kaka Aliko, ila ni mtu uliyekuwa naye, basi shikamoo. Sisi ndio watu wake. Tafadhali tueleze tangu mwanzo, wala usiruke kitu kwa kutuonea huruma. Tutakusikiliza mpaka umalize, halafu tutakupa pole.

Mdogo wake,
Alinanuswe