Plaizi Isiume Shaba

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Chilangala tu wazima. Mama yako yuko shambani anaokota korosho. Umeuliza ufanyeje plaizi isiache alama kwenye bangili unazotengeneza.

Nilipokuwa msichana nilimtengenezea bi harusi bangili. Ngoma zilishaanza, na waya wa shaba ulibaki kipande kimoja. Nilivyozidi kuogopa nilizidi kubana, meno ya plaizi yakaanza kuuma shaba.

“Panya kapita hapa?” shangazi wa bi harusi akaniuliza. “Ukiharibu na hicho, mwenzio anatoka mkono mtupu.”

Nikayafunga meno ya plaizi kwa kipande cha kanga, lakini mkono bado ulibana. Nikaiweka plaizi chini, nikakunjua vidole, ndipo nikaishika tena. Bi harusi alitoka amevaa.

Mpaka leo kitambaa nafunga, ila kwanza nafungua ngumi.

Bibi yako,
Somoe