Jina la Manowari Kwenye Kaburi la Baba

Jumanne, 1 Julai 2025

Kaka Sylvester kapiga simu asubuhi. Kaburi la baba kule Migato litajengewa tarehe kumi na mbili, fundi ni Elia, kila kitu tayari. Vizuri. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa, kwamba jina litakaloandikwa ni Yohana Bujiku. Basi.

Na Kobini je?

Akasema Kobini lilizikwa na mwenyewe. Nikakata simu. Nina miaka hamsini na tano na bado namkatia kaka yangu simu. Sioni haya.

Nani alimwita baba Yohana, zaidi ya mchungaji? Mnadani Kobini, kwenye mizani ya pamba Kobini, mama mwenyewe Kobini. Guku, yaani babu yetu Bujiku mzaa baba, alimpa jina la manowari iliyomwopoa baharini mwaka 1944, meli yao ya askari ilipozamishwa. Ukoo mzima tunajua. Mimi nimekuwa nesi miaka thelathini, nimeandika kadi za kliniki za watoto walioitwa Trekta, Njala, Uchaguzi. Wasukuma ndivyo tulivyo, mtoto tunampa jina la kilichotupata. Leo manowari ndiyo imekuwa aibu!

Alhamisi, 3 Julai

Nimejua maneno ya Sylvester yanatoka wapi. Mwanawe Deogratias, anayesoma chuo Mwanza, kanitumia kurasa nne kwa WhatsApp. Historia ya utumishi ya manowari Corbin. Ndiye Kobini wetu, kwa ulimi wa guku.

Nimesoma kwa miwani, pole pole, kamusi pembeni. Ilishushwa majini 1942. Ikasindikiza misafara ya meli kwenye bahari ya barafu huko kaskazini. Ikazamisha nyambizi mbili. Ikahamishiwa Bahari ya Hindi. Februari 1944 ikaokoa watu mia mbili na nane. Mwaka 1949 ikauzwa chuma chakavu, ikakatwakatwa. Corbin, Corbin, Corbin — mara thelathini na moja, nimehesabu. Guku hayumo. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyetajwa kwa jina.

Ukurasa wa nne umeniharibia siku. Manowari yenyewe ilipewa jina la mtu. Admirali Corbin, wa zamani sana, shujaa wao, alipoteza mkono vitani. Halafu mstari mmoja chini: alikuwa na shamba la miwa visiwani, na watumwa mia moja na sabini.

Deo kaandika: "Shangazi, kweli tuweke jina la mwenye watumwa juu ya babu?"

Nimekasirika kwa sababu mtoto kasema kweli.

Jumapili, 6 Julai

Wamekuja wote wawili baada ya ibada. Chai, mihogo, na ubishi.

Sylvester hakuongelea watumwa sana. Aliongelea shule ya msingi, walivyokuwa wakimzunguka na kumwambia baba yake ni meli, apige honi. Analitunza hilo moyoni tangu tukiwa wadogo! Nimemwonea huruma kidogo. Kidogo sana. Na mimi walinizunguka, ila mimi niling'ata mtu.

Deo ni mgumu zaidi kwa sababu ana adabu. Nilimwambia mtu akikutoa majini humuulizi ukoo wake. Akasema sawa, ila ukishamshukuru unaendelea na maisha yako, hubebi jina lake vizazi vitatu. Tunashukuru mpaka lini?

Nikaondoa vikombe kabla hawajamaliza chai. Ndivyo ninavyofanya nikishindwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mji wa Bariadi umetulia. Nimezisoma tena zile kurasa na nimekuta sentensi niliyoiruka ukurasa wa tatu. Nyambizi iliyoizamisha meli ya guku ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari Corbin ikaja, ikaangusha mabomu yake papo hapo, katikati yao. Kisha ndipo ikaokota waliobaki.

Waliobaki!

Guku alijua. Atakosaje kujua, na yeye alikuwa ndani ya maji yaleyale? Sasa ilikuwaje akampa mwanawe jina hilo? Keshokutwa naenda Migato kwa shangazi Minza.

Jumatano, 9 Julai

Shangazi Minza ni dada mkubwa wa baba, ana miaka themanini na mitano, na mguu wake mmoja haumsikii tena. Nimemkuta anamenya karanga. Tukaamkiana mwangaluka, mwangaluka, kisha akaniuliza mbona nimenenepa hivi, nakula peke yangu? Tukamenya wote.

Nikamweleza kwa Kisukuma yale ya ukurasa wa tatu. Hakushtuka hata kidogo. Akasema guku alikuwa akiyasimulia kila mavuno, pombe ya mtama ikishamkolea. Waliiona manowari inakuja, wakapunga mikono, wengine wakaimba. Yeye na rafiki yake Mihayo, kijana wa kijiji cha Mkula, walikuwa wameshika ubao mmoja. Guku aliiita manowari kwa jina mpaka koo likakauka. Ikaja moja kwa moja, ikapita, maji yakapasuka. Alipofungua macho alikuwa ameshika ubao peke yake.

Nikamuuliza, sasa kwa nini jina lile? Shangazi kaniangalia kama mtu asiye na akili.

"Kule majini alimwita Kobini, hakuitika. Basi akarudi, akazaa mtoto wa kiume, akasema huyu ndiye Kobini, nitamwita mpaka nichoke. Kobini, leta maji. Kobini, ng'ombe wameingia shambani. Na Kobini anakuja mbio."

Kasema kila akiita alikuwa akicheka. Nakumbuka kile kicheko! Sisi watoto tulidhani ni mapenzi tu ya baba kwa mwanawe. Yalikuwepo na mapenzi.

Nikauliza kama baba alijua. Shangazi hakuinua macho kwenye ungo.

"Unadhani kwa nini alikuwa akiitika haraka vile?"

Ni kweli. Baba hakuitwa mara mbili maisha yake yote. Hata hospitali, siku ya mwisho, nesi aliita jina lake mlangoni, naye akaitika na hali hana pumzi. Nimelia njia nzima kurudi Bariadi na sikujificha.

Kumbe haikuwa shukrani. Guku alimchukua admirali wao, mwenye mkono mmoja na watumwa wake, akampa fimbo na ng'ombe kumi na wanne. Akamchungisha!

Nimemtumia Deo yote kwa sauti, dakika sita. Tiki mbili za bluu.

Ijumaa, 11 Julai

Sylvester kasikia na hajabadilika. Anasema wapita njia hawaijui hadithi ya guku, wataona jina la mzungu tu. Na marumaru imeshachongwa, Yohana Bujiku, haiongezwi kitu.



Nimenunua msumari wa inchi sita.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimekaa ukingoni mwa kaburi, daftari gotini. Nitaeleza kwa mpangilio.

Nilifika kabla ya wageni. Marumaru ya Sylvester ilikuwa imeshawekwa kichwani. Elia alikuwa anamalizia kupiga lipu upande wa miguuni, mbichi kabisa. Nikamwomba hapo chini aniachie. Akasema Mzee Sylvester hakumwagiza hivyo. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuiosha kisimani. Kisima kiko mbali.

Nikapiga magoti. Sylvester anataka wapita njia waijue hadithi? Haya. Nimeandika kwa msumari, herufi kubwa:

KOBINI. ALIITWA NA BUJIKU, AKAITIKA.

Gari la Sylvester likaingia. Katazama, kaenda moja kwa moja kwenye vyombo vya Elia na kuchukua mwiko. Ndipo nikakaa hapa. Atanipaka lipu na mimi.

"Milembe, toka hapo."

Nimemwambia sitoki.

Deo naye akashuka. Kavaa suruali nyeusi ya kaunda. Kachuchumaa, kasoma, akasoma tena. Nilijua sasa wako wawili dhidi yangu. Akanyoosha mkono.

"Shangazi, nipe huo msumari. Yule wa Mkula naye hajaandikwa popote."

Nimempa. Sylvester kamwita kwa jina mara mbili na Deo hajageuka. Kwaya imefika, inapanga mistari, haijui iimbe au isubiri. Shangazi Minza kaletewa kiti, anauliza kwa sauti ni nini kinaandikwa.

Elia karudi na ndoo, kasema lipu inahitaji saa moja ishike. Sylvester kasimama juu yetu na mwiko mkononi. Deo ameandika MIHA, anaendelea. Mimi nina siku nzima.