Miaka Sita Naomba Likizo Siku Nisizokwenda Kazini

Mshauri wangu mpendwa, kabla sijaomba msaada wako nitangulize shukrani, maana sikufundishwa kuingia kwa mtu na shida bila salamu. Mimi ni mpiga pasi katika kampuni ya udobi inayofua mashuka ya hospitali, nafanya kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tu, na mpango huo nilipewa na meneja wetu mwaka ule mume wangu alipopooza upande mmoja, nikaenda ofisini kuacha kazi huku nalia, naye akanisogezea kiti akasema, "Mama, huachi kazi. Chagua siku unazoweza, sisi tutajipanga." Mshauri, mtu wa namna hiyo utamlipa nini? Hata mume wangu alipofariki, meneja mwenyewe alikuja mazishini, akapanga viti pamoja na vijana, akakaa mpaka mwisho, wala sikuambiwa nirudi kwenye kazi ya siku tano kwa wiki.

Basi nikajiapiza kwamba sitamsumbua mtu yule hata chembe. Kila mwaka fomu ya likizo ikiletwa wenzangu wanajaza wiki zao, mimi naandika Jumatatu na Jumanne, Jumatatu na Jumanne, mpaka siku zinakwisha, naye anatia sahihi, roho yangu kwatu. Niliona ndiyo heshima, nipumzike siku ambazo pasi yangu hainisubiri.

Mwezi uliopita akaja dada mpya wa ofisi ya wafanyakazi, akafungua faili langu, akaniita. "Mama, Jumatatu si siku yako ya kukaa nyumbani?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa ulikuwa unaomba ruhusa ya kukaa nyumbani siku ya kukaa nyumbani?" Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka. Akaniambia zile hazikuwa likizo, kwamba miaka sita sijapata likizo hata siku moja, na kwamba za mwaka huu bado ninazo zote, niandike barua tu.

Mshauri, nina binti mmoja, ameolewa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mwaka juzi mimba yake ya kwanza iliharibika Jumatano asubuhi, nikapigiwa simu nikiwa na shuka mkononi, nikamaliza zamu ya siku hiyo na Alhamisi na Ijumaa, nikafika kwake Jumamosi nikamkuta ameshalia machozi yote, na hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Sasa ana mimba ya miezi minane, ananipigia kila siku, "Mama, safari hii utakuwepo?" Nami namjibu, "Tutaona mwanangu," naye ananyamaza.

Nataka kuomba, mdomo mzito. Mwenzangu wa meza ya kukunja mashuka ananiambia, "Wewe kila wiki uko nyumbani siku nne, likizo ya nini tena, unataka kupumzika kupumzika?" Nami namwona meneja akisema moyoni, kumbe mama huyu hana shukrani. Niombe, au ninyamaze nisije nikaonekana mtovu wa fadhila?

Mpiga pasi wa siku tatu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mpiga pasi, shukrani zako nimezipokea na zimenifurahisha. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali meneja alipokukatalia likizo. Sikupaona. Umemwogopa miaka sita mtu ambaye hajawahi kukwambia hapana, ukamtungia maneno, kisha ukayajibu wewe mwenyewe. Naye ana kosa lake, anatia sahihi bila kusoma, na akionyeshwa zile fomu ataona haya kuliko wewe.

Huyo wa meza ya kukunja mwambie kwamba siku nne unazokaa nyumbani si za kampuni, na hukuzilalia. Ulizitumia kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumwogesha. Likizo ni siku ya zamu unayoachiwa upumzike huku ujira wako uko palepale. Mwenye siku tano anapata yake, na mwenye siku tatu anapata yake kwa kadiri ya siku zake. Hiyo ni jasho lako. Alichokupa meneja ni mpangilio wa siku, na kwa hilo mshukuru mpaka uzeeke. Hata mimi namshukuru, nami simjui. Lakini fadhila yake umekuwa ukiilipa kwa kitu asichokiomba, na aliyekilipia ni binti yako. Mtoto wa watu alilia siku tatu bila mama yake ili mashuka yanyooke.

Nimekuwa mkali, nisamehe. Najua umeumia.

Jumatano hii, kabla pasi hazijapata moto, ingia kwa meneja na barua mkononi. Dada wa ofisi akusaidie kuiandika, akuonyeshe na siku zako kwenye mkataba. Mshukuru na huyo, maana angeweza kucheka tu akafunga faili. Hesabu siku za zamu peke yake: ukiwa nazo tisa, ni wiki tatu nzima kwa binti yako, kwa sababu siku nyingine zote tayari ni zako. Uliza pia kuhusu miaka iliyopita, kama kuna kinachoweza kurudi, ila lisikucheleweshe, mtoto tumboni hasubiri majibu ya ofisi.

Ukiingia usianze na samahani. Anza na asante, umwambie yote uliyoniandikia mimi kuhusu kile kiti na yale mazishi, maana nina hakika hujawahi kumwambia. Kisha weka barua mezani useme, "Binti yangu anajifungua, naomba likizo yangu." Hilo neno la mwisho usilimeze. Akisema tarehe ni ngumu, mpatane tarehe. Akikataa kabisa, jambo ambalo silioni, ofisi ya kazi ya serikali ipo, nenda.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, mpigie binti yako umwambie unakuja. Akinyamaza, usikate simu. Mwache alie, nawe ubaki hapohapo.