Hata Ukighairi, Usubiri

Berlin, 9 Machi 2019

Dada Mayasa, shikamoo.

Naamini barua hii inakukuta mzima, na Maha wangu kikohozi kimempoa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu.

Kama ulivyotaka, sipigi simu, maana akisikia sauti yangu halali. Uliniuliza ni kazi gani hiyo inayomtoa mtu kwa mwanawe wa miaka mitatu. Naandika msimbo wa chini kabisa wa kompyuta, ambao programu za wenzangu zitautegemea kusoma na kuandika data bila ya kusimama kungoja. Programu inaukabidhi mfumo wa kompyuta chombo kitupu cha kutilia data, kisha inakwenda kufanya mengine. Mfumo ukishakijaza, unaiita. Sharti ni kwamba chombo kikishakabidhiwa, programu isikiguse mpaka irudishiwe. Hata ikighairi njiani, isubiri. Ikikigusa mapema, data yote inaharibika. Msimbo wangu unaizuia isiweze kukosea hivyo.

Nikimaliza tu, namfuata mwanangu. Mbusu sana.

Mdogo wako,
Kawthar

Michenzani, 2 Aprili 2019

Mdogo wangu, marahaba.

Sote wazima, na kikohozi kimekwisha kwa asali na tangawizi. Hayo ya vyombo sikuyaelewa yote, lakini sharti lako nimelipenda. Fanya kazi yako, usihangaike. Wakati ukifika nitakuita mimi.

Dada yako,
Mayasa

Berlin, 14 Januari 2025

Dada, shikamoo. U hali gani?

Barua zangu za mwaka jana hukunijibu, nikasema labda umechoka. Msimbo nshaumaliza! Watu wanautumia, wanausifu. Nakuja Ramadhani kumchukua Maha. Skuli nshampatia, na nimemnunulia koti jekundu. Kimo chake nimekisia tu, nikalia dukani.

Mdogo wako,
Kawthar

Michenzani, 30 Januari 2025

Mdogo wangu, marahaba. Sijambo, alhamdulillahi.

Mwaka wa kwanza alikuwa akikaa mlangoni akikuulizia. Nilisema nitakuita, na kwa makusudi sikukuita. Wakwe zangu wameniita tasa mbele ya mume wangu nikiwapakulia chakula. Wewe ulijaaliwa, ukanikabidhi kwa mikono yako, ukaenda kufanya mengine. Sharti ni lako mwenyewe: kilichokabidhiwa hakiguswi mpaka kirudishwe. Mimi sirudishi. Hata ukighairi, usubiri.

Koti mpe mwengine. Huku hatuna baridi.

Dada yako,
Mayasa

Michenzani, 20 Februari 2025

Mama mdogo Kawthar, shikamoo.

Hujambo? Sisi hatujambo. Mimi ni Maha, nipo darasa la tatu. Mama ameniambia unakuja, na kwamba hukujaaliwa mtoto, ndiyo maana unawaambia watu mimi ni wako. Pole sana. Kila nikisali nakuombea upate wako.

Tutakuja kukupokea uwanja wa ndege. Naomba tu usinishike mbele ya watu, maana sikujui, nitaogopa.

Mtoto wa dada yako,
Maha