Pweza Tuliyemnunua kwa Mama

Nosi Be, Bukini
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu Zuhura,

Usiinue uso. Najua umeketi mkekani na mama yuko mbele yako anasubiri, maana barua hii nimeagiza itiwe mkononi mwake na si mwako, na yeye hana wa kumsomea ila wewe. Mwambie mwandiko ni mbaya, unataka muda kuufahamu. Atakuamini, amekuamini miaka yote. Usome kimya mpaka mwisho, ndipo uamue la kufanya.

Baada ya hayo, salamu. Hujambo? Mimi sijambo, ninakula, ninalala, nimenenepa kidogo mikononi. Naomba Mungu barua ikukute mzima. Sikio lako la kushoto bado linauma, au limenyamaza moja kwa moja? Nitakueleza nilivyojua habari za sikio.

Kwanza ujue nilipo. Nimeolewa na Mzungu, jina lake Henk, daktari wa meno mstaafu wa Uholanzi. Alinikuta Mombasa nikifua mashuka ya hoteli. Nyumba yetu ni boti ya matanga, ndefu hatua kumi na tatu, ina jiko, kitanda na choo cha kuvuta kwa mkono. Tunatembea visiwa, Zuhura. Hatuvui, hatubebi mzigo, hatumfuati mtu. Tunaamka, tunakunywa kahawa saa nne, kisha tunafanya kazi yetu kubwa ya siku, nayo ni kuchagua kisiwa cha kulia chakula cha mchana. Tukipenda mchanga wa mahali tunakaa siku nne. Tukiuchoka tunang'oa nanga. Henk ana daftari la kuandika majina ya ndege, na ana neno lake moja, hatuna haraka. Watu wa visiwani hutukodolea macho wakidhani tumepotea, kwa sababu hawajapata kumwona mtu mzima akikaa baharini bila shida iliyompeleka. Zamani boti kama yetu ingetia nanga Kilwa, mgambo wangekuja kuuliza sisi wapelelezi wa nani. Siku hizi kila kitu ruksa. Tuligongewa muhuri pale Masoko tukaambiwa karibuni tena.

Sikuchagua mimi kwenda Songo Mnara. Henk alikuwa anataka kuona magofu. Siku tatu kabla, niliona kidole chake kimesimama kwenye ramani juu ya jina la kwetu, akaniuliza kama nakufahamu huko. Nikasema nimewahi kupasikia. Usinicheke. Chini ya godoro nilikuwa na barua yako ya pili, na ndiyo iliyonifanya nijibu hivyo.

Turudi kwenye barua hizo, maana mimi na wewe hatujawahi kuzizungumza. Siku ya ndoa yangu nilikimbia. Wageni wa Mchinga walikuwa wameshateremka ufukweni, wali uko jikoni, nami nilikuwa nimelala chini ya boriti za mikoko kwenye chombo kinachokwenda Unguja. Bwana Salum, niliyeposwa naye, alikuwa na sabuni na sukari mwaka ule nchi nzima inapanga foleni, na baba akaona mtu mwenye sabuni hawezi kuwa mbaya. Mimi nilikuwa nimemwona akimzaba kofi mchukuzi wake gatini, kofi la mkono uliozoea. Nikajua nitaishi vipi. Sikumwambia mtu, hata wewe uliyekuwa unalala nami kitanda kimoja. Nilijiokoa peke yangu.

Barua yako ya kwanza ilinifikia Mombasa, kwa anwani niliyokutumia kwa siri kupitia baharia wa chombo kile. Ilikuwa fupi. Uliandika: "Nilikuwa nakuna nazi. Wakaninawisha mikono wakanivalisha nguo zako." Miaka kumi na sita ulikuwa nayo, na vidole vyako vilikuwa na tui. Na mimi nikakujibu kwa utani. Nikakuandikia unishukuru, umepata mume mwenye sabuni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nilidhani utani unafuta mambo. Sikujua wakati ule ulisoma maneno yale uso umevimba.

Ndipo ikaja ya pili: "Mama amesema usiandike tena. Amesema yeye alizaa mtoto mmoja." Niliandika hata hivyo, kila Idi, kwa anwani ya duka la mumeo, nikikuomba umpelekee mama. Hakuna jibu. Nikakubali kwamba mama amenikana, nikajizoesha, na mtu hujizoesha hata kiatu kinachombana.

Sasa siku yenyewe. Tulishuka kwa kiboti cha mpira, maji yametoka. Nilivaa suruali, kofia pana na miwani myeusi, nimejificha ili mama asiyenitaka asinione. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mwambani. Henk alitaka pweza, na katika wote alimchagua mwanamke aliyezeeka zaidi, kwa sababu anapenda nyuso zenye mikunjo. Akamchagua mama, nawe ulikuwa umemshika mkono.

Amekonda, Zuhura. Jicho la kulia lote limeingia ukungu. Henk ana Kiswahili cha hotelini, na kubishania bei kwake ni mchezo kama karata, hivyo aliikata na kuikata mpaka mama akacheka kwa aibu akakubali. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli wa Henk. Kisha akatoa kamera ya video. Alisoma mahali kwamba pweza hupigwa ili alainike, akataka kuona. "Mama, piga," alimwambia. "Piga, piga." Mama akapiga magoti akampiga pweza kwenye jiwe. Henk akasema tena, jua lilikuwa upande mbaya. Mama akahama jiwe, akapiga. Akasema tena, sasa kwa nguvu. Pweza alikuwa ameshalainika zamani, na mama alikuwa anahema mdomo wazi.

Henk akakuuliza wewe jambo, hukujibu. "Sema naye upande huu, bwana," mama akamwambia, "sikio lile halisikii." Akaendelea kupiga huku anakusemesha, akidhani hakuna pale anayefahamu ila nyinyi wawili.

"Hebu mtazame huyu mke wa Mzungu anavyosimama. Hawa alikuwa akisimama vile vile, uzito wote mguu mmoja."

"Piga mama tuondoke, jua kali."

"Miaka kumi na miwili, hata karatasi. Mtu akifa ugenini, Zuhura, si huletewa habari?"

Ukanitazama. Ulinijua tangu nilipokanyaga mchanga, nami nilikujua, tena niliona unajua. Mama alikuwa katikati yetu, magotini, pweza mkononi.

"Huyo Mmarekani, mama," ukasema. "Hana kwao huku."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mama hakunikana. Hakuna barua hata moja iliyomfikia. Nilichotakiwa kufanya ni kuvua miwani na kusema shikamoo, neno moja tu. Unajua nilifanya nini, uliona. Nilihamisha uzito nikasimama kwa mguu wa pili.

Mama akainuka kwa kushika jiwe, akanikabidhi pweza kwa mikono miwili. "Haya mama, huyo keshalainika." Aliniita mama kwa heshima ya mteja. Nikamjibu asante kwa Kiingereza. Tulimla mchana ule kwa ndimu. Henk alisema amekaza kidogo. Mimi nilimla, na nilisikia utamu, na hilo nalo nakuandikia.

Nilikuchukia siku mbili nzima. Nililala na kuamka na chuki hiyo, nikawa nakutungia maneno ya kukuvua nguo mbele ya mama. Siku ya tatu tukatia nanga Mchinga. Nilishuka peke yangu, nikamuuliza mama mmoja muuza maandazi habari za duka la Bwana Salum, nikijifanya mgeni. Akasema duka lipo, mwenyewe yupo, ameoa mwingine. Nikauliza yule wa kwanza kutoka visiwani. "Yule alipigwa kofi la sikio akiwa na mimba," akasema, "sikio likafa na mimba ikatoka. Alirudi kwao na begi moja." Akaniongezea andazi moja bure, alivyoona nimekaa chini.

Lile kofi nililijua, Zuhura. Nililiona gatini likitua kwa mchukuzi, nikaondoka nikakuachia wewe. Tangu hapo chuki yangu haina pa kukaa. Nikikutazama wewe ninajiona mimi, nikijitazama mimi ninaona vidole vyako vyenye tui.

Nilirudi botini nikamwomba Henk tugeuze, turudi Songo Mnara siku moja tu. Mtu ambaye hana haraka, anayeweza kukaa siku nne akihesabu kaa mchangani, siku ile alikuwa na haraka. Upepo ni wa kwenda kusini, alisema, na mwenye boti harudii alikopita. Sikumwambia kwa nini. Tukapita Lindi, tukavuka hadi Ngazija, tukaja huku.

Hapa Bukini, wenyewe huiita Madagaska, kuna boti nyingine za Wazungu, mume na mke, mume na mke, wote wanatembea kama sisi. Hualikana baada ya chakula cha mchana, na Henk huwaonyesha video yake kwenye televisheni ndogo. Wanayoipenda kuliko zote ni ya mama na pweza. Wanacheka anapohama jiwe. Huomba irudishwe nyuma, na pweza anapanda hewani na mama anainuka na kushuka kinyumenyume. Sauti imo. Nimemsikia mama akisema "hata karatasi" mara nyingi kuliko nilivyomsikia akiniita nilipokuwa mdogo. Wanakaa pale na glasi zao na hakuna ajuaye anasema nini. Jumapili mke mmoja aliniuliza yule bibi analalamika nini, nikamwambia anaomba mvua.

Jana nikamwambia Henk ukweli. Alivua miwani yake akaifuta. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema, ningewapiga picha mkiwa pamoja." Hakusema kwa ubaya. Si mtu mbaya, ndiyo taabu yake, hata hana pa kumshikia.

Sasa sikiliza. Barua ameibeba Mzee Hemedi wa Kilwa Kisiwani, fundi wa kushona matanga hapa, anarudi nyumbani kuozesha binti. Anachojua ni kwamba mimi ni mke wa Mzungu. Ningeweza kumwambia jina langu amtamkie mama, kazi ikaisha. Sikumwambia. Niliwahi kukuchagulia maisha yako bila kukuuliza, na safari hii nakuachia wewe. Najua ni ukatili kumfanyia mama hivi, kukaa na barua ya mwanawe mkononi asijue. Lakini sijapata njia ya kunirudisha mimi kwake isiyokuondoa wewe. Akinijua nilipo atauliza barua za miaka kumi na miwili, na wewe ndiye macho yake, ndiye anayemshika mkono mwambani.

Ukitaka, msomee yote kama yalivyo. Au mwambie Hawa yu hai, hii ndiyo barua yake ya kwanza, hakuwahi kuandika, alimsahau mama yake kwa raha za Wazungu. Nitaibeba. Hata siku tukionana sitakukana, nitasema ndivyo, sikuandika. Au ikunje useme ni ya serikali, habari za chanjo, uitie jikoni. Nitajua kwa kutosikia neno, na sitakuja kukulaumu, kwani mimi nilisimama pale na mwavuli. Mzee Hemedi anarudi huku akimaliza shughuli ya binti yake. Sisi tunamsubiri atumalizie tanga, halafu Henk anataka kwenda kusini, na njia hiyo hairudi kwenu.

Nisalimie shangazi Mwanaidi, kungwi wangu, aliyenifunda siku saba akatukanwa siku ya nane. Nisalimie maalim aliyekuwa na jina langu mdomoni akalibadilisha kwa lako. Nisalimie bi mkubwa jirani mwenye kisima, kama yuko hai. Wape, au usiwape, kutegemea utakavyoamua. Bwana Salum simsalimii.

Mama, nadhani, sasa amechoka kungoja, anauliza kwa mara ya pili au ya tatu imetoka wapi na inasemaje. Amekugeuzia lile jicho zima.

Haya, mdogo wangu. Inua uso umjibu.

Dada yako,
Mwanahawa