Pumzi za Bwana Ishwar

Ekerenyo, Nyamira
Jumapili, 9 Machi 2025

Ndugu yangu Mghanga,

Nakusalimu kwa heshima na kwa sauti ya chini, maana karatasi haihitaji kupigiwa kelele. U hali gani huko Wundanyi? Mama Wakesho hajambo? Na baridi ya milima yenu, imekuachia magoti yako au bado inayang'ang'ania? Sisi hapa tu wazima, na safari hii neno hilo silitumii kwa mazoea. Utaelewa ukisoma mbele.

Najua umenikasirikia. Tangu mwaka jana umepiga simu, na kila mara Bosibori wangu amekuambia nimelala, au nimetoka, au niko shambani. Mke wangu hajui kusema uongo hata kidogo, na nashangaa hukumshtukia. Labda ni lile sikio lako. Tulipokuwa chuo cha ualimu ulikuwa husikii kengele ya asubuhi peke yake. Sasa naambiwa husikii hata ya kanisa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Habari yenyewe si ya kupaziwa sauti kwenye simu mtaa mzima ukisikiliza.

Ndugu yangu, nilipatwa na mshtuko wa moyo. Ilikuwa mwezi wa Agosti, asubuhi, nikipogoa michai kule chini karibu na mto. Nilihisi kana kwamba gunia la majani mabichi limewekwa kifuani pangu na mtu akaketi juu yake. Taya likauma, mkono wa kushoto ukawa si wangu, jasho likanitoka hata nikadhani mvua imeanza. Jirani yetu Onchiri ndiye aliyeniona. Alinikokota hadi barabarani, nikapakiwa kwenye bodaboda katikati yake na dereva kama mkungu wa ndizi, tukaenda hivyo mpaka tulipopata gari la kutufikisha Kisii mjini. Madaktari walinishughulikia vizuri, Mungu awabariki, na baada ya siku kadhaa nikarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Unajua watu wetu walivyo na mgonjwa. Jembe langu lilifichwa. Dada yangu Mokeira alihamia kwangu kutoka Mosocho ili anilinde, na alinilinda kweli. Nikinyanyua kikombe, ananyang'anya. Nikisimama, anapiga ukelele niketi. Watu wa kanisa walikuja na kuku na uji wa wimbi, wakaniombea, na kila aliyeaga alisema vilevile, Mwalimu pumzika, moyo ukishapigwa mara moja haupaswi kuharakishwa. Nikapumzika. Nilipumzika mpaka miguu ikawa myembamba, na kutoka kitini hadi mlangoni ikawa safari ya kufikiria kwanza. Mchana kutwa nilikuwa nimekaa nausikiliza moyo wangu, nikingoja ukosee. Niliogopa kufa, Mghanga. Sikumwambia mtu, lakini niliogopa sana.

Niliporudi kliniki, daktari alinitazama akatikisa kichwa. Alisema moyo ni msuli kama msuli mwingine, na nikiendelea kuulaza kitini nitaumaliza mwenyewe. Akaniagiza niende kila Jumanne kwenye chumba cha mazoezi palepale hospitalini, ambapo watu waliopatwa kama mimi hufundishwa kuurudisha moyo kazini polepole, wakipimwa presha na mapigo hatua kwa hatua. Aliniambia wazi kwamba hilo si la hiari. Basi Jumanne ikafika, nikafungua mlango wa chumba kile, nikaona mikeka, ngazi ndogo ya mbao, baiskeli isiyokwenda popote, na kando ya baiskeli, akiwa na koti jeupe, Lorna.

Lorna ni mke wa mwanangu Ogeto. Nilijua ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini nilidhani kazi yake ni waliovunjika miguu tu. Kumbe mwenzake mwanamume alikuwa amehamishwa kitambo, naye akakabidhiwa pia wagonjwa wa moyo. Mwingine hakuna, labda uende Kisumu.

Najua nanyi Wataita mna mambo yenu ya wakwe, ila sisi Abagusii tumezidi. Tunayaita chinsoni, yaani haya na heshima kati ya baba na mke wa mwanawe. Mimi siingii nyumbani kwa Ogeto. Lorna hanipi mkono wa salamu. Tunaongea, naam, tena vizuri, lakini kwa umbali na kwa macho ya chini. Sasa fikiria mtu huyo aniambie nifungue vifungo vya shati aguse kifua, au nilale chali mkekani niinue miguu mbele yake! Tulitazamana kidogo, kisha kila mmoja akatazama sakafu. Nikaaga, nikaondoka. Nyumbani nikasema chumba kilikuwa kimejaa. Jumanne iliyofuata sikwenda kabisa, nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimeamua kwamba ni afadhali nife na heshima zangu.

Siku chache baadaye nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa Ishwar, mwenye duka la vitambaa na sare za shule mjini. Akasema naye alipatwa na moyo, naye ameagizwa mazoezi ya Jumanne, lakini anaogopa kwenda peke yake, na pale hospitalini amesikia kuna mwalimu mstaafu mwenye shida kama yake. Je, ningekubali kumsindikiza, nimtie moyo kidogo? Nilimweleza kwa kuzungukazunguka shida yangu ya mkwe. Akacheka, akasema hilo tutalipanga, yeye atakaa mbele na mimi nyuma. Nawe unanijua, mtu akiniomba msaada siwezi kukataa. Ualimu ni ugonjwa usiotibika.

Tulivyofanya ni hivi. Lorna alisimama akimwelekea Ishwar peke yake, kana kwamba mimi sipo. Alimwambia Bwana Ishwar ainue mikono. Ishwar akainua, nami nyuma yake nikainua. Alimwambia Bwana Ishwar apande ngazi ashuke. Tukapanda wote tukashuka. Ishwar alikuwa amevaa kaptura ya michezo aliyoitoa dukani kwake, mimi suruali ndefu na shati la mikono mirefu kama mhubiri. Ilipofika saa ya kupima, Ishwar ndiye aliyenifunga kile kitambaa cha presha, ndiye aliyenishika kifundo cha mkono akitazama saa, kisha anamtajia Lorna hesabu kana kwamba ni yake. Moyo wangu ukawa unasomwa kwa jina la Ishwar. Na mazoezi ya mkekani yalipoanza, Lorna alitoka nje barazani, akawa anaamuru kupitia dirishani akiwa ametupa kisogo: Bwana Ishwar, mguu wa kulia. Bwana Ishwar, taratibu. Bwana Ishwar, nimesema wa kulia! Na aliyekosea alikuwa mimi.

Nilimhurumia sana yule mzee. Kila nilipoanza kuishiwa na pumzi, yeye alikuwa ameshaishiwa zamani. Alikuwa akihema hadi chumba kizima kinamsikia, anashika ukuta, ananiomba, "Mwalimu, ngoja bana, mimi nimechoka kabisa." Basi namngoja, nami napata kupumua kwa heshima. Baadaye tulipoanza kutembea nje hadi soko la Daraja Mbili, kati ya mafungu ya ndizi na mitumba, ni yeye aliyekuwa akisimama kila mara kuangalia bei ya mchicha asioununua. Nilimpa mihadhara mirefu. Nilimkataza bajia. Nilimwambia asikate tamaa, kwamba mimi mwenyewe nilianza nikiwa dhaifu kuliko yeye. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru.

Na kweli nikapata nguvu. Nyumbani nilianza kutembea asubuhi. Nilibeba kikapu cha kuchumia chai hata kama hakina jani, kwa sababu hapa mtu mzima akitembea haraka mikono mitupu watu wanauliza nani amefariki. Mokeira alilia, akasema ninajiua, kisha akachoka kulia akarudi Mosocho. Siku moja ya Januari nilishuka hadi pale mtoni nilipoangukia, nikageuka, nikapanda mlima ule wote hadi mlangoni kwangu bila kusimama. Nilikaa kwenye kizingiti nikausikiliza moyo. Ulikuwa unapiga kwa nguvu na kwa mpango, unafanya kazi yake. Bosibori akatoka jikoni, akanikuta nacheka peke yangu huku machozi yananitoka. Aliogopa kidogo, kisha akakaa kando yangu naye akacheka.

Mwezi uliopita Lorna alimtangazia Bwana Ishwar, kwa jinsi yetu ileile, kwamba mwalimu amehitimu. Nilifurahi, lakini nilisikitika kumwacha mwenzangu nyuma. Kwa hiyo nilipita dukani kwake. Hakuwepo, nilimkuta mkewe, Mama Meena, akimpimia mteja kitambaa. Nikamfariji. Nilimwambia asihangaike, mzee wake naye atafika, ila ampunguzie mafuta, maana kuhema kule kunanitia wasiwasi.

Mghanga, mama huyo aliweka mkasi chini akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia. Ishwar alipatwa na moyo mwaka juzi. Mazoezi yake aliyamaliza na kuruhusiwa kabla mimi sijaangukia michai yangu. Kila asubuhi hupanda ghorofani kwenye stoo na majora ya kitambaa begani, wala hahemi. Alikuwa anahema kwa ajili yangu. Alikuwa ananitazama uso kwenye kioo cha dirisha, na akiona nabadilika rangi anashika ukuta yeye, kwa kuwa alishaona kwamba mimi mwenyewe singekubali kusimama.

Na wazo halikuwa lake. Jumanne ile ya pili nilipokosa kufika, Lorna alikwenda dukani kwake moja kwa moja kutoka kazini, bado na koti lake jeupe, kwa sababu alimkumbuka kama mgonjwa wake wa utani mwingi. Alisimama mbele ya wateja akasema baba yake hawezi kuguswa naye, na asipofanya mazoezi atamzika, na hajui afanye nini. Alisema baba yake, si baba mkwe. Mama Meena anasema alilia pale pale. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha wateja, nikaanza kuhesabu ni mara ngapi nilimkataza yule mzee bajia.

Jumamosi iliyofuata, baada ya ibada ya Sabato, Ogeto na Lorna walikuja nyumbani. Nilimwambia, tukiwa tumekaa kwa umbali wetu uleule, kwamba nimejua. Nilimwambia sina mkono wa kumpa, lakini moyo huu unaopiga ni kazi ya mikono yake ambayo haikunigusa. Nikambariki kama baba anavyombariki binti wa kuzaa. Aliinamisha kichwa. Halafu akasema, macho yakiwa bado chini, kwamba kama Tata, yaani mimi baba yake, ana nafasi, kuna jambo dogo. Binamu yangu Makori amepatwa na moyo. Unamkumbuka, yule mbishi aliyecheza ngoma siku ya harusi yangu. Ni wa ukoo wetu, kwa hiyo Lorna ni mkwe wake vilevile. Alifika mlangoni, akaona koti jeupe, akageuka.

Nilimpigia Makori jioni hiyohiyo. Nilimwambia mimi bado mgonjwa sana, naogopa kwenda peke yangu. Alinihurumia, akakubali kunisindikiza. Tumeanza wiki iliyopita, na tayari amenikataza nyama ya mafuta. Ishwar alikuja kunifundisha namna ya kushika ukuta. Anasema nahema kama mtu anayesoma kitabuni, nitie chumvi kidogo.

Nimefurahi kukuandikia, ndugu yangu. Sasa piga simu. Nitaipokea mwenyewe, nawe piga kelele upendavyo. Msalimie Mama Wakesho na wajukuu, na Bosibori anawasalimu na kuomba radhi kwa uongo wake wote. Naishia hapa kwa sababu nataka kupumzika vizuri. Keshokutwa ni Jumanne, na nina kazi ya kuhema.

Nduguyo, mzima kwelikweli,
Mwalimu Ratemo