Mama Kabla ya Wimbo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mtoto ameacha kuwanyima usingizi. Sisi hatujambo, ingawa ni hatujambo ya kusema tu. Ningepiga simu, lakini unanijua: kwenye simu mimi husema ndiyo na sawa mpaka salio linaisha.

Baba ameamua kununua gramafoni mpya, zile za watu wanaochagua sauti, kwa ajili ya santuri aliyoimba marehemu mama. Fundi redio ametuazima mbili tuzijaribu. Moja mkono wake wa sindano ni mwembamba, umenyooka kama kijiti. Ya pili mkono mzito, umepinda kama shingo ya bata. Fundi alisema masikio ni wambea, hurudia walichoambiwa na macho, kwa hiyo anayesikiliza asitazame. Akazisawazisha sauti pia, maana inayopiga kelele zaidi ndiyo hupendwa, kama watu tu. Basi tukatundika shuka katikati ya sebule: baba upande wa kochi, mimi upande wa mashine.

Kwenye ule mkono mwembamba tukasikia jambo. Kabla mama hajaanza, pale palipo kimya, anasikika akiimba mbali sana, kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Kisha ndipo anaanza kweli. Fundi alicheka, akasema hakuna jini hapo: mifereji ya santuri imebanana, wimbo wa mmoja husukuma ukuta wa jirani, na sindano kali huudokoa. Shuleni fizikia tunasoma kwa lugha ile nyingine, na kwa lugha ile nilimwelewa kabisa. Kwa lugha ya nyumbani, dada, nilielewa kwamba mama anabisha hodi.

Tangu hapo baba hasikilizi wimbo. Mama akianza tu kuimba, ananiambia nirudishe mwanzo. Chakula kinapoa. Wateja wanagonga dukani, anasema waje kesho. Shangazi alikuja kumwambia aliyekufa haitwi kwa sindano. Baba akamwomba, kwa upole kabisa, ashushe sauti, anamfunika mwenzake.

Ninalokueleza sasa sijamwambia mtu. Jumapili mchana fundi alifika kuchukua mashine moja, baba akataka jaribio la mwisho. Niliinua ule mkono mwembamba, nikabaki nao hewani, sindano haijagusa kitu. Na ile nyingine nilikuwa nimeizima. Nyuma ya shuka baba akasema ni hiyo hiyo, huyo amekuja, safi kuliko siku zote. Fundi akanitazama. Nikasema ndiyo baba, ni ya mkono mwembamba. Fundi akabeba ile nyingine bila utani wowote.

Ya baba peke yake ningeyavumilia. Lakini nilikawia kuishusha ile sindano kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza. Nilimsikia, dada, hata alipovuta pumzi.

Njoo. Uketi kwenye kochi karibu na baba, mimi niinue mkono hewani, kisha useme husikii kitu. Wewe tutakuamini.

Msalimie sana shemeji, na mtoto mfinye shavu kwa niaba yangu. Baba angekusalimu, ila nikimwambia nakuandikia atauliza nimeandika nini.

Ni mimi mdogo wako,
Bubu wenu